Lilikatwa Lini? Soko la Wakulima kwa Jicho la Mtunzi wa Hadithi za Upelelezi

Katika hadithi ya upelelezi, kabla ya "nani?" huja "saa ngapi?". Ukishajua marehemu alikata roho saa ngapi, nusu ya washukiwa hujitoa wenyewe kwenye orodha. Soko la wakulima nalo linaendeshwa na swali hilohilo: fungu hili la mboga lilikatwa lini? Kwa hiyo mtunzi wa hadithi za mauaji anayeonekana akizunguka na kikapu kati ya meza za nyanya na mayai, akiinama, akinusa, akigeuza kitu upande wa chini, hajaikimbia meza yake ya kuandikia. Yuko kazini.

Tofauti ipo moja, nayo ni kubwa: mboga iliyokatwa haijafa. Jani, tunda na mzizi huendelea kupumua baada ya kuchumwa. Huvuta oksijeni, huchoma sukari iliyomo ndani, hutoa joto, maji na hewa ya ukaa. Kilichotenganishwa na shina lake kinaishi kwa akiba, na akiba hiyo haijazwi tena. Tunaposema kitu ni kibichi na kizuri, tunachopima hasa ni akiba iliyobaki na maji yaliyobaki.

Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, anakumbukwa kwa kanuni kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake alama. Mboga imeguswa na kisu, jua, udongo, kreti, maji ya kunyunyizia na mikono ya watu kadhaa. Alama zote hizo zipo. Kinachotakiwa ni kujua pa kutazama.

Anza na jeraha. Kila kinachouzwa kina mahali kilipoachana na mmea wake: kikonyo cha biringanya, kitako cha hindi, ncha ya shina la spinachi. Wanunuzi wengi hutazama jani, na jani ni shahidi anayefundishika. Ukilinyunyizia maji baridi, jani lililolegea tangu asubuhi hunywa, seli zake zikajaa, likasimama kama halikuwahi kuumwa. Jeraha halifundishiki kirahisi hivyo. Likiwa na umri wa saa chache huwa na unyevu na rangi ya shina lenyewe. Kesho yake ni kavu. Siku mbili tatu baadaye limekuwa la kahawia, limenywea, pengine limepasuka katikati. Muuzaji mjanja hukata ncha upya, na hapo ndipo unapolinganisha maelezo: ncha nyeupe zilizolingana kama zimepigwa rula, ilhali majani ya chini yameanza umanjano. Mmea unaoishiwa akiba hubomoa kwanza majani yake makuukuu, kwa hiyo umanjano huanzia chini, na hakuna kisu kinachoweza kuufuta bila kuyaondoa majani yenyewe.

Hindi bichi ndilo saa sahihi kuliko zote pale mezani, hasa lile la aina tamu. Mara linapovunjwa, sukari yake huanza kugeuka wanga. Kwenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi linaweza kupoteza takribani nusu ya sukari kwa siku moja. Likiwekwa karibu na nyuzi 0 hupoteza kidogo sana kwa muda huohuo. Tazama kitako: kiwe cheupe na chenye majimaji. Ndevu ziwe za kahawia kwenye ncha, lakini zikishikwa ziwe na unato. Zikiwa nyeusi na kavu kabisa, limekaa. Usimenye ganda ili kuchungulia, kwa sababu punje zilizo wazi hukauka, na wewe utakuwa umemwachia mkulima hindi ambalo hakuna atakayelinunua. Papasa kwa kidole gumba juu ya ganda hadi nchani uhisi kama punje zimejaa mistari yote. Ukiwa umeshanunua, toboa punje moja kwa ukucha. Majimaji meupe kama maziwa ni hindi lililo kwenye wakati wake, maji maangavu ni hindi changa, na uji mzito ni hindi lililopitwa. Angalizo moja: zipo aina mpya zilizozalishwa ili sukari igeuke polepole, nazo zinaweza kukaa siku kadhaa na bado zikawa tamu. Saa hii husema kweli pale tu unapojua aina, kwa hiyo uliza jina la mbegu.

Maharage machanga na bamia hupimwa kwa mvunjiko. Kitu kichanga huvunjika kwa mlio, kilichozeeka hupinda. Bamia ikizidi sentimita 10 hivi huwa na nyuzi, hata kama imechumwa asubuhi hiyohiyo. Hapo kosa si la muda, ni la mkulima kuchelewa siku moja au mbili shambani. Tango hulegea kwanza kwenye ncha, kwa hiyo bonyeza ncha, acha tumbo. Tikiti maji halizidi kuiva baada ya kukatwa, kwa hiyo tafuta doa lilipolalia ardhi: likiwa na rangi ya siagi liliachwa muda wa kutosha, likiwa jeupe au la kijani hafifu lilikatwa kabla. Kuligonga na kusikiliza kunapendeza zaidi kuliko kunavyosaidia. Tikiti dogo lenye harufu na ganda la kimiamia lina ushahidi mzuri zaidi: likiiva hujiachia lenyewe kutoka kwenye mtambaa, likabaki na kishimo laini. Ukikuta kipande cha kikonyo bado kimeng'ang'ania, lilikatwa kabla halijawa tayari kuondoka.

Nyanya inahitaji subira kidogo. Nyufa za mviringo karibu na kikonyo husimulia hali ya hewa: ukame, kisha maji mengi kwa ghafla, nyama ikavimba kuliko ngozi. Ufa uliokauka na kujifunga hauna neno, ila nyanya hiyo iliwe leo au kesho. Doa jeusi la kukakamaa chini ya tunda latokana na madini ya kalisi (kalsiamu) kutofika huko, mara nyingi kwa sababu ya umwagiliaji usio na mpangilio. Likate, kinachobaki ni salama ikiwa hakijaanza kuoza. Nyumbani weka nyanya mbivu nje ya friji, kovu la kikonyo likitazama chini, maana unyevu hutokea hapo na ukungu huingilia hapo. Chini ya nyuzi 12 hivi, nyanya hupunguza kutengeneza harufu yake. Ikiwa imeiva kupita kiasi na hutaila leo, friji kwa siku moja au mbili ni afadhali kuliko kuitupa. Itoe mapema ipoteze baridi kabla ya kuila.

Yai ndilo kipenzi cha mtunzi, kwa kuwa linabeba kalenda ndani yake. Ganda lina vitundu vidogo visivyohesabika; maji hutoka, hewa huingia, na chumba cha hewa upande ulio mpana hukua. Weka yai kwenye bakuli la maji baridi. La siku chache hulala kwa ubavu. La wiki moja au zaidi huanza kuinua upande mpana, baadaye likasimama wima kabisa. La zamani sana huelea. Kuelea hakuthibitishi kwamba ni viza, kunathibitisha umri tu. Lipasue kwenye bakuli la peke yake, na pua itatoa hukumu. Ute wenye ukungu mweupe ni wa yai jipya, kwa sababu hewa ya ukaa bado imo. Ikishatoka, ute huwa mwangavu, hupungua uchachu, na yai la kuchemsha huanza kumenyeka vizuri. Ndiyo maana mayai ya jana humkasirisha mpishi anayetaka kuyamenya: ganda hutoka na nusu ya ute. Kwa kuchemsha, tafuta ya wiki moja au mbili. Yai ambalo halijaoshwa lina utando wa asili unaoziba vitundu. Usilioshe mpaka unapolitumia, na lililokwisha kuoshwa likae kwenye baridi wakati wote.

Sasa vidokezo vya kupotosha, maana soko limejaa. Rangi ya ganda la yai inatokana na aina ya kuku. Rangi ya kiini inatokana na chakula chake, na mfugaji anaweza kuiongeza akitaka. Matundu kwenye majani hayathibitishi kwamba shamba halikupigwa dawa. Huenda wadudu walikula kwanza, dawa ikafuata. Asali iliyoganda si bandia, kwani asali nyingi halisi huganda kwa sababu glukosi hujitenga na kuwa chembe, na chupa ikikalishwa kwenye maji ya vuguvugu hurudi kuwa kimiminika. Majaribio ya kudondosha asali kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti hayathibitishi chochote. Maumbo yaliyopinda ya karoti husimulia udongo wenye mawe au mbegu zilizobanana, hayasemi lolote kuhusu utamu.

Baada ya ushahidi wa vitu, shahidi wa kibinadamu. Hapa ndipo soko la wakulima linapoizidi rafu ya dukani: aliyetenda yupo mbele yako, na unaweza kumhoji. Lakini mahojiano yana adabu yake. Usiulize swali lenye jibu ndani yake. "Hii ni ya leo, siyo?" huleta "ndiyo" kila mara, hata kutoka kwa mtu mwaminifu aliyechoka. Uliza "Mlivuna lini?" kisha nyamaza. Uliza jina la aina. Uliza wiki ijayo kutakuwa na nini na kipi kinaelekea kwisha. Swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: "Msimu huu kipi kimewashinda?" Mkulima halisi ana malalamiko tayari: mvua ilichelewa, konokono walimaliza miche, mbegu haikuota. Mchuuzi aliyenunua kwa jumla hana zao lililomshinda, maana hakupanda kitu.

Dalili nyingine za mchuuzi zinaonekana bila kuuliza. Meza yake ina kila kitu, hata mazao ambayo hayakutani katika msimu mmoja. Matunda yote yana ukubwa mmoja. Chini ya meza kuna maboksi yenye chapa za mbali, na hapa na pale tunda bado lina stika. Kuchuuza si dhambi, na mchuuzi mwaminifu atakuambia alikonunua. Kosa ni kuvaa kofia ya mkulima. Kuhusu dawa, swali zuri ni "Wadudu mnawafanyaje?", kwa sababu linadai maelezo ya kazi: vyandarua, kupokezana mazao, nini kilipigwa na siku ngapi kabla ya kuvuna. Mwenye shamba atajibu kwa urefu kuliko ulivyotaka.

Ipo hadithi moja ya kweli ya upelelezi ambayo kila mwenye kikapu anaiishi bila kujua. Katika karne ya 19, miji ya Ulaya iliwashwa kwa taa za gesi, na miti iliyokuwa karibu na mabomba yanayovuja ikawa inapukutisha majani kabla ya wakati. Mshukiwa, yaani gesi, alijulikana, ila ndani yake mlikuwa na kemikali nyingi. Dimitry Neljubow, mtafiti wa mimea aliyefanya kazi St. Petersburg, Urusi, aliona miche yake ya njegere ikikua kwa kulala ndani ya maabara, ambamo hewa ilichanganyika na gesi ya taa, na kusimama wima katika hewa ya nje. Mwaka 1901 alichapisha jibu: mhusika alikuwa ethilini. Kisha mwaka 1934 mwanasayansi wa Uingereza, Richard Gane, akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Tufaha linaloiva linatoa gesi ileile iliyokuwa ikivuja kwenye mabomba.

Ndiyo maana kikapu kimoja hakitoshi. Tufaha, ndizi mbivu, parachichi, maembe na nyanya hutoa ethilini. Saladi, matango, brokoli na mboga za majani huumizwa nayo: majani hugeuka manjano, tango hulegea. Karoti zikikaa siku kadhaa na matufaha huwa chungu, na watu humlaumu mkulima. Beba mifuko miwili na uitenge hata ndani ya friji. Gesi hiyohiyo ni mtumishi ukiitumia kwa makusudi: parachichi gumu likifungwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu huiva upesi zaidi.

Adui wa pili ni joto. Kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mazao mengi huharibika kwa kasi mara mbili hadi tatu zaidi, kwa hiyo saa moja ndani ya gari lililofungwa juani inaweza kula muda uliodhani ulikuwa nao mpaka keshokutwa. Nenda mapema. Beba sanduku la barafu. Zunguka mara moja bila kununua, ndipo ununue kwa mpangilio: vizito na vigumu kwanza viende chini, majani na matunda laini juu, nyama, samaki na maziwa mwisho kabisa. Hivi vya mwisho visikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto la nje limepita nyuzi 32.

Ukifika nyumbani, majani ndiyo ya kwanza. Yazamishe kwenye maji baridi sana kwa dakika 10 hadi 15, yanyanyue ili mchanga ubaki chini, yakaushe kabisa, yafunge kwa kitambaa kikavu ndani ya mfuko, kisha friji. Kosa la kawaida ni kuyafunga yakiwa na matone. Siku ya tatu unakuta ute mweusi. Karoti zenye majani zikatwe majani hayo mara moja, ukiacha sentimita moja au mbili, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Giligilani isimame kwenye glasi ya maji, ifunikwe kwa mfuko uliolegea, iingie friji. Mrehani nao usimame kwenye maji, lakini nje, kwa kuwa baridi huyafanya majani yake kuwa meusi. Stroberi zisioshwe hadi dakika ya kuliwa. Viazi vikae gizani penye hewa, mbali na vitunguu.

Mtunzi wa hadithi za mauaji hawezi kupita sokoni bila kuwaza sumu, na kwa mpishi hofu hiyo ina faida. Maharage mekundu yenye umbo la figo yana lektini inayosababisha matapishi makali ndani ya saa chache. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yanayotokota kweli kwa dakika 10 kwa uchache, nami nashauri 30, ndipo uendelee hadi yalainike. Chungu cha umeme cha kupika polepole ambacho hakifikii kutokota ni hatari, kwa sababu maharage hulainika huku lektini ikibaki. Mung'unye, tango au boga changa likiwa chungu kwenye ulimi, litemwe na sufuria yote imwagwe. Uchungu huo ni sumu ya asili iitwayo kukurbitasini, moto hauuondoi, na mara nyingi hutokana na mbegu iliyohifadhiwa nyumbani baada ya maua kuchavushwa na jamii ya mwituni. Kiazi cha kijani kimekaa kwenye mwanga. Ukijani wenyewe ni klorofili isiyo na madhara, lakini pamoja nao huongezeka solanini, ambayo ni sumu. Kata kwa kina sehemu hiyo na machipukizi. Kikiwa kijani kote au kichungu, tupa. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta hakikai mezani: bakteria wa botulini hupenda mahali pasipo na oksijeni, na sumu yao inaweza kuwepo bila harufu wala rangi. Friji, siku nne, basi. Asali asipewe mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa sababu ya bakteria haohao.

Mwandishi huweza kukosea hapohapo. Humpa mhasiriwa mung'unye mchungu na kumfanya amalize sahani, wakati ulimi ungeshapiga kelele kwenye tonge la kwanza. Hadithi yenye nguvu haihitaji sumu ya mbogani. Inahitaji jikoni lenye saa nyingi zisizokubaliana. Mshukiwa anasema alinunua kila kitu sokoni asubuhi ya tukio. Hindi lina kitako cha kahawia. Mayai yamesimama wima kwenye bakuli. Lakini ncha za mchicha ni mbichi, na mfuko una tone la maji. Ni vigumu kuamini kwamba vyote hivyo vilinunuliwa siku moja, kwa hiyo huenda waliofika jikoni ni wawili, au alifika mara mbili. Mpelelezi hahitaji kueleza kitu wakati huo. Atachemsha yai moja na kulimenya, ganda litoke safi, sura iishe. Hakikisha tu kwamba mazao hayo yanakutana katika msimu mmoja mahali unapoandikia, maana msomaji mwenye bustani atakukamata kabla ya polisi wako.

Usitegemee kumbukumbu kuandika sura ya namna hiyo. Nunua vitu vyenyewe na muulize mkulima saa ya kuvuna. Viweke mezani bila friji, chukua kipimajoto cha chumba, na kila baada ya saa 12 kwa siku tano andika rangi ya jeraha, ulaini, harufu, na jinsi yai lilivyokaa kwenye maji. Weka na kishada cha mrehani kisicho na maji pembeni. Huo hautasubiri hata usiku uingie.